Dawa ya Vijidudu kwa Kikohozi cha Kudumu: Inamfaa Nani, Inamdhuru Nani?



Mara nyingi mtu anafika dispensari na swali moja: "Mganga, kikohozi hiki kimenikaa mwaka mzima. Nikinywa tetra siku tatu kinatulia, nikiacha kinarudi. Je, si afadhali niinywe kila siku mpaka kikome?"

Swali hili si la ujinga. Waganga wakubwa wa dunia wameliuliza kwa zaidi ya miaka 60, wakalifanyia majaribio katika nchi nyingi. Jibu lao ni hili: antibiotiki za miezi mingi zinawafaa wagonjwa wachache, waliopimwa na wanaoangaliwa. Kwa wengi zinaleta hasara kuliko faida. Katika ukurasa huu tutaeleza sababu, ili kila mmoja ajue yuko upande gani kabla ya kwenda kutoa franka zake kwenye farmasia.

KIKOHOZI CHA KUDUMU KINATOKA WAPI?

Njia za hewa kifuani ni kama mti uliopinduliwa. Shina ni bomba la hewa la kooni, matawi yanaingia katika mapafu, na mwisho wa matawi kuna vifuko vidogo sana ambamo hewa inaingia katika damu. Ndani ya matawi kuna utelezi unaonasa vumbi na vijidudu. Kuna pia vinyweleo vidogo visivyoonekana kwa macho, ambavyo vinausukuma utelezi kwenda juu, kama watu waliojipanga na kupitishana makarai ya mchanga kutoka shimoni.

Mtu akivuta sigara miaka mingi, au akivuta moshi wa kuni na vumbi la mawe kila siku, vinyweleo hivyo vinakufa. Makarai hayapitishwi tena. Utelezi unabaki chini, unakuwa mzito, na vijidudu vinafanya makao humo. Kuta za njia zinavimba na nafasi ya hewa inakuwa nyembamba.

Magonjwa yanayoleta hali hiyo si mamoja. Tuyatenganishe, kwa maana dawa zao si sawa.

1. Mkamba wa kudumu. Mtu anakohoa na kutoa makohozi angalau miezi mitatu kwa mwaka, miaka miwili mfululizo. Njia za hewa zikizidi kuziba, anakosa pumzi hata akipanda kilima kidogo.

2. Pumu. Njia za hewa zinajibana kwa vipindi na kifua kinapiga miluzi, hasa usiku au mtu akikutana na vumbi, baridi au moshi.

3. Kupanuka kwa njia za hewa. Matawi yameharibika na kulegea kama mfuko wa zamani, na makohozi mengi yanakaa humo. Mara nyingi ni kovu la kifua kikuu kilichopona, au la ugonjwa mkali wa mapafu wa utotoni.

4. Silikosi. Huu ni ugonjwa wa mapafu yenyewe, unaoletwa na vumbi laini la mawe ya kwatsi. Tangu dhahabu ilipogunduliwa katika Ituri mwaka 1903, watu wa hapa wamepasua mawe hayo: katika mashimo ya chini ya ardhi kama Adidi kule Mongbwalu, na katika vinu vya wachimbaji wadogo hadi leo. Vumbi likishafika ndani kabisa halitoki, na kovu lake linaweza kuendelea kukua hata baada ya mtu kuacha kazi. Hakuna antibiotiki inayoondoa silikosi.

SHAMBULIO NI JAMBO LINGINE

Mgonjwa wa mkamba wa kudumu ana siku zake za kawaida na siku za shambulio. Siku ya shambulio makohozi yanaongezeka, rangi inageuka kuwa manjano au kijani, na pumzi inakuwa fupi kuliko kawaida. Hapo mganga anaweza kutoa antibiotiki ya siku tano hadi saba. Hiyo ni tiba halali, na inatakiwa imezwe mpaka siku ya mwisho aliyoandika.

Lakini mashambulizi mengine yanaletwa na virusi, kama vile vya mafua, na antibiotiki haiui virusi. Kwa hiyo mtu anayepona baada ya "tetra siku tatu" mara nyingi angepona hata bila tetra. Anaisifu dawa, kumbe mwili wake ndio uliofanya kazi.

Tunapozungumza juu ya antibiotiki za muda mrefu, hatusemi juu ya hizo siku saba. Tunasema juu ya mtu anayemeza dawa miezi sita, mwaka au zaidi, hata siku anayojisikia vizuri, ili mashambulizi yasije.

MAJARIBIO YAMEONYESHA NINI?

Katika Uingereza, miaka ya 1950 na 1960, waganga waliwapa wagonjwa wa mkamba wa kudumu tetrasiklini majira yote ya baridi. Siku za kulala na ugonjwa zilipungua kidogo. Hata hivyo mapafu yaliendelea kuchakaa kama ya wale wasiopewa dawa. Kwa sababu hiyo, na kwa hofu ya vijidudu kuzoea dawa, desturi hiyo iliachwa.

Miaka ya 1980 habari nyingine ilitoka Japani. Huko kuna ugonjwa wa kuvimba kwa vijia vidogo vya hewa ambao ulikuwa ukiua watu wengi. Profesa Shoji Kudoh na wenzake waliwapa wagonjwa eritromisini kwa kipimo kidogo, miezi na miaka. Zamani, katika wagonjwa 100, karibu 63 tu walikuwa hai baada ya miaka mitano. Baada ya dawa hiyo kuenea, walionusurika walizidi 90. Waganga walistaajabu, kwa sababu kipimo kile kilikuwa kidogo mno kuua vijidudu vyote. Wakafahamu kwamba eritromisini na ndugu yake azitromisini zina kazi ya pili: zinatuliza uvimbe katika njia za hewa. Amoksisilini na tetra hazijulikani kwa kazi hiyo kwa namna ile ile. Basi mtu asiseme, "Azitromisini ni ghali, nitameza amoksisilini badala yake, zote ni antibiotiki."

Mwaka 2011 Wamarekani walitoa matokeo ya jaribio la watu 1,142 wenye njia za hewa zilizoziba. Nusu walipewa azitromisini kila siku kwa mwaka mmoja, nusu walipewa kidonge kisicho na dawa. Kwa kila watu 100, wasiopata dawa walikuwa na mashambulizi 183 kwa mwaka. Waliopata dawa walikuwa na 148. Faida ipo, lakini angalieni vizuri: mashambulizi hayakwisha. Yalipungua kama moja katika kila matano. Tena, waliokuwa bado wanavuta sigara hawakuonekana kufaidika.

Kwa wenye njia za hewa zilizopanuka faida ni kubwa zaidi. Majaribio matatu ya New Zealand, Uholanzi na Australia, yaliyotolewa mwaka 2012 na 2013 na kukusanya watu 341, yote yalionyesha kwamba mashambulizi yanapungua. Kwa pumu iliyo ngumu, jaribio la Australia la mwaka 2017 lililofanywa na watu 420 lilionyesha pia kupungua kwa mashambulizi, kwa watu waliokuwa tayari wanatumia dawa zao za kuvuta kila siku na bado wanasumbuliwa.

Na Afrika? Mwaka 2020 yalitolewa matokeo ya jaribio lililofanywa Zimbabwe na Malawi, kwa watoto na vijana 347 wenye virusi vya ukimwi na ugonjwa wa kudumu wa mapafu. Walipewa azitromisini mara moja kwa juma, kwa majuma 48. Mashambulizi yalipungua kama nusu, lakini nguvu ya kupumua haikuongezeka.

Katika habari hizi zote fundisho ni moja. Dawa inaweza kupunguza mashambulizi. Hairudishi mapafu yaliyokwisha kuharibika. Anayetumaini kwamba vidonge vya mwaka mzima vitampa tena kifua cha ujana wake atatumia mshahara bure.

HASARA ZAKE

Masikio. Katika jaribio lile la Wamarekani, watu 25 katika 100 waliomeza azitromisini walipungukiwa na usikivu, na kwa wasiomeza walikuwa 20. Tofauti inaonekana ndogo. Lakini fikirieni mfanyakazi wa mashine ya kutoboa mwamba, ambaye masikio yake yamepigwa na kelele miaka kumi. Hana usikivu wa kupoteza. Asiposikia kengele ya hatari au sauti ya kapita anayeita "Ondokeni!", kidonge cha kifua kinaweza kuwa sababu ya kuvunjika mguu au ya kifo. Kwa hiyo masikio yapimwe kwanza. Mlio usiokoma masikioni ni alama ya kuacha dawa na kuja kuonekana siku ile ile.

Moyo. Azitromisini inaweza kuvuruga mapigo ya moyo kwa watu wengine. Mwaka 2013 serikali ya Marekani ilitoa onyo juu ya jambo hilo. Hapa kwetu hatari ina sura yake, maana malaria haiishi na dawa kama kwinini nazo zinagusa mapigo ya moyo. Mtu anayemeza azitromisini kila siku, kisha akachomwa kwinini na mganga asiyejua habari yake, anawekewa mizigo miwili juu ya moyo mmoja. Ukipewa dawa ya muda mrefu, sema hivyo kila mahali unapotibiwa, hata kama umekwenda kwa ajili ya jino.

Tumbo. Kuhara, kichefuchefu na maumivu ya tumbo ni vya kawaida. Antibiotiki haichagui: inaua vijidudu vibaya, na pia vile vyema vinavyotunza matumbo.

Dawa nyingine za sokoni zina hatari zao. Tetrasiklini na doksisiklini hazifai kwa mama mjamzito, na kwa watoto wadogo tetrasiklini inatia meno rangi ya kahawia isiyotoka. Kloramfenikoli inaweza kuzuia mwili usitengeneze damu. Siprofloksasini inaweza kuharibu mishipa inayoshika misuli kwenye mifupa, kama ule wa kisigino. Sindano za jentamisini na streptomisini zikizidi zinaharibu masikio na figo.

Vijidudu vinazoea dawa. Hii ndiyo hasara inayotoka kwa mgonjwa na kuingia kwa jirani. Alexander Fleming, aliyegundua penisilini mwaka 1928, alionya tayari mwaka 1945 kwamba kumeza dawa kidogo kidogo kunafundisha vijidudu kuishinda. Antibiotiki inaua vijidudu dhaifu. Vilivyo sugu vinabaki, vinazaana, na mtu anawapa mke, watoto na wenzake wa zamu kwa kukohoa na kwa mikono. Katika jaribio la mwaka 2011, miongoni mwa watu ambao vijidudu vipya viliingia puani na kooni wakati wa jaribio, vijidudu vilivyoshinda jamii ya azitromisini vilikuwa asilimia 81 kwa waliomeza dawa, na asilimia 41 kwa wasiomeza.

Msidhani haya ni mambo ya Ulaya na Marekani tu. Mwaka 2019 wataalamu walieleza aina ya kijidudu cha salmonela katika nchi yetu ya Kongo, kinachoingia katika damu na kuua hasa watoto wadogo, ambacho kimeshazoea dawa nyingi, azitromisini ikiwa mojawapo. Na hapa Ituri tunajua tauni, ambayo imekuwa ikirudi katika sehemu za Rethy. Doksisiklini ni moja ya dawa za kuwakinga watu waliokaa karibu na mgonjwa wa tauni. Dawa za namna hii ni kama maji ya pipa moja kambini. Mmoja akiyamwaga kwa kuosha viatu, siku ya moto hayapo.

Wakati wa Covid-19, mwaka 2020, azitromisini ilinunuliwa kila mahali kama karanga. Mwaka 2021 jaribio kubwa la Uingereza lilionyesha kwamba haikuwasaidia wagonjwa wa Covid waliolazwa hospitali. Vidonge vilikwenda, na vijidudu vilipata mazoezi bure.

KWANZA, KIFUA KIKUU

Ndugu zangu, hapa ndipo kosa linaua.

Mfanyakazi anakohoa miezi miwili. Anajisema, "Ni vumbi tu." Ananunua siprofloksasini. Homa inashuka, kikohozi kinapungua, anarudi kazini. Baada ya majuma machache kikohozi kinarudi na jasho la usiku, na suruali inalegea kiunoni. Alikuwa na kifua kikuu. Siprofloksasini na ndugu zake zinaweza kukidhoofisha kijidudu cha kifua kikuu bila kukiua, zikaficha ugonjwa na kuchelewesha kipimo. Muda huo wote analala chumba kimoja na watoto.

Kongo ni mojawapo ya nchi zenye mzigo mkubwa wa kifua kikuu duniani. Na mapafu yaliyokula vumbi la kwatsi yanashikwa na kifua kikuu kwa urahisi kuliko mapafu mazima, hata miaka mingi baada ya mtu kuacha mgodi. Kwa hiyo kanuni ni hii: kikohozi kikizidi majuma mawili, makohozi yapimwe kabla ya kutafuta dawa nyingine yoyote. Kipimo na matibabu ya kifua kikuu katika mpango wa taifa ni bure. Usione haya kuja na kikopo cha makohozi ya asubuhi.

Hata mtu anayestahili azitromisini ya muda mrefu lazima makohozi yake yapimwe kwanza. Wako vijidudu vingine, jamaa za kile cha kifua kikuu, ambavyo vinatibiwa kwa azitromisini pamoja na dawa nyingine. Vikipewa azitromisini peke yake vinaizoea, na mganga anabaki bila silaha.

DAWA ZA MUDA MREFU AMBAZO HUTAKIWI KUACHA

Mtu asisome maneno haya na kutupa dawa zake zote. Kuna dawa za miezi mingi ambazo ni lazima.

Kifua kikuu cha kawaida kwa kawaida kinatibiwa miezi sita: miezi miwili kwa dawa nne, na miezi minne kwa rifampisini na isoniazidi. Anayeacha mwezi wa pili kwa sababu amepata nguvu na amenenepa anajitengenezea ugonjwa ambao dawa hizo haziuwezi tena.

Mtu mwenye virusi vya ukimwi aliyeandikiwa kotrimoksazoli ya kila siku aendelee nayo mpaka mganga aseme basi. Mtoto mwenye ugonjwa wa seli mundu anapewa penisilini ya kila siku katika miaka yake ya kwanza ili vijidudu visimuue. Na aliyeugua homa inayoharibu moyo anachomwa penisilini ya mwezi kwa mwezi, miaka mingi.

Tofauti ni nini basi? Hawa wote wana ugonjwa uliopimwa, dawa iliyochaguliwa kwa ugonjwa huo, kipimo kilichoandikwa, na mtu anayewaangalia. Anayenunua vidonge vitatu vitatu sokoni hana hata kimoja cha hivyo vinne.

NANI ANAWEZA KUPEWA KWA KIFUA CHA KUDUMU?

Mganga anafikiria azitromisini ya muda mrefu ikiwa mambo haya yamekamilika:

1. Ugonjwa unajulikana kwa jina. Mgonjwa amesikilizwa, amepigwa picha ya kifua, na kama chombo kipo amepuliza katika kipimo cha pumzi.

2. Makohozi yamepimwa na kifua kikuu hakipo.

3. Mashambulizi ni mengi, kama matatu au zaidi kwa mwaka mmoja, au moja lilimlaza hospitali.

4. Mgonjwa ameacha sigara, na anatumia dawa yake ya kuvuta kwa njia sahihi. Wengi wanapulizia salbutamoli ulimini na kusema haina nguvu.

5. Masikio yanasikia vizuri, na moyo umepimwa kwa mashine ya umeme kabla ya kuanza na tena baada ya mwezi mmoja.

6. Dawa zake zote nyingine zinajulikana.

Akishaanza, anarudi kuonekana kwa tarehe aliyopewa. Baada ya miezi sita, na tena baada ya mwaka, mganga anahesabu: mashambulizi yalikuwa mangapi kabla, na sasa ni mangapi? Kama hayakupungua, dawa inaachwa. Hakuna sababu ya kubeba hasara ya dawa isiyoleta faida. Kwa hiyo mgonjwa aandike katika kitabu chake cha matibabu kila siku ya shambulio. Hesabu hiyo inamsaidia mganga kuliko maneno "nasikia afadhali kidogo".

KAZI YA KUFANYA KABLA YA KIDONGE

Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Kwa kifua, ufa ni vumbi na moshi.

Kazini: mwamba utobolewe kwa maji, na mawe yamwagiwe maji kabla ya kupasuliwa na kubebwa. Kitambaa cha kufunga puani hakizuii vumbi laini la kwatsi, na hilo lisiloonekana ndilo hatari zaidi. Vaeni maski mliyopewa kwa ajili ya vumbi, ishike uso pande zote, na ikichakaa mwombeni kapita nyingine. Baada ya kulipua, ngojeni hewa isafishwe kabla ya kuingia. Msikung'ute nguo za kazi nyumbani. Zilowekeni majini kwanza, kwa kuwa vumbi la shimoni halijui kwamba mtoto hafanyi kazi mgodini.

Nyumbani: mama wengi wanaokohoa hawajashika sigara hata siku moja. Wamekula moshi wa jiko miaka 20. Pika nje au chini ya paa lililo wazi, tumia kuni kavu, na mtoto mchanga asifungwe mgongoni juu ya moshi. Makala yanayowaka yasiingizwe ndani ya nyumba iliyofungwa usiku wa baridi, maana hewa yake inaua watu wamelala. Na wanaotwanga mawe ya dhahabu uani, watwange yakiwa yamelowa, mbali na watoto.

Sigara: hakuna kidonge katika farmasia yoyote ya Bunia kinachozidi faida ya kuacha sigara. Mapafu hayarudi kuwa mapya, lakini mwendo wa kuharibika unapungua.

Makohozi: mwenye njia za hewa zilizopanuka ajifunze kuyatoa kila asubuhi na jioni. Apumue kwa nguvu mara chache, kisha asukume hewa kwa mdomo wazi kama anayetia ukungu kwenye kioo, mpaka makohozi yapande. Njooni tuwaonyeshe. Ni bure, na hakuna kijidudu kinachoweza kuizoea kazi hiyo.

Chanjo: watoto wapelekwe kwenye chanjo zote. Chanjo ya pneumokoki ilianza kutolewa katika nchi yetu mwaka 2011, na kila ugonjwa wa mapafu unaozuiliwa utotoni ni kovu moja pungufu mtu akiwa mzima.

ALAMA ZA KUJA HARAKA

Njoo siku ile ile, usingoje mwisho wa zamu zako, ukiona: damu katika makohozi, midomo kugeuka rangi ya buluu, pumzi inayokuzuia kusema sentensi moja mpaka mwisho, maumivu ya kifua pamoja na homa, au, kama unameza antibiotiki, moyo unaokwenda mbio, kuzirai, mlio masikioni, uso kuvimba, au kuhara kusikokoma.

Na wewe ambaye una vidonge vilivyobaki ndani ya sanduku, vilete dispensari. Leta pia karatasi zake na kitabu chako cha matibabu. Tutatazama pamoja ni vya nini, vilitoka wapi, na kama vinakufaa. Hatutamgombeza mtu. Tunataka kujua kikohozi chako kinaitwa nani kabla hatujakipa dawa.

Msaidizi wa mganga,
Idara ya Afya, Bunia